Tanga ya 1914 haikuwa msitu: minazi, mpira na vichaka vya meza ya vita

Swali: Shikamoo fundi. Mimi na wenzangu wanne tunacheza michezo ya vita ya mezani hapa Ngamiani, Tanga. Askari wetu ni wa milimita 28, tulichapishiwa kwa mashine ya 3D, na meza yetu ina sentimita 180 kwa 120. Tunataka kucheza mapigano ya Tanga ya Novemba 1914. Nilinunua mimea ya plastiki ya kuweka kwenye tangi la samaki nikaibandika juu ya vipande vya ubao, sasa meza nayo inafanana na tangi la samaki. Minazi inaanguka kila mtu akipitisha mkono. Nikiweka miti mingi hatuwezi kusogeza askari, nikipunguza halionekani pori tena. Vitu vya kuagiza nje bei haishikiki. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Kabla hatujafika kwenye gundi na waya, kuna jambo la kurekebisha kwenye mpango wenyewe: unahangaika kutengeneza msitu mahali ambapo hapakuwa na msitu.

Waingereza walianza kushusha jeshi lao Ras Kasone usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba. Jenerali Aitken alikuwa na watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, na ili wafike mjini ilibidi wapite kwenye minazi, miti ya mpira, mkonge na vichaka. Ukingoni mwa mji walikuwa wakisubiriwa na watu kama 1,000 tu wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wengi wakiwa wameletwa mbiombio kwa reli ya Usambara. Sehemu kubwa ya hayo mapito ilikuwa mashamba, yaani mimea iliyopandwa na mikono ya watu, kwa mistari, yenye njia za wafanyakazi kati yake. Vichaka vilikuwapo, tena vinene, lakini vilikaa kati ya shamba na shamba, kwenye mipaka na mabondeni.

Kwa mchezaji tofauti hiyo ni kubwa. Msituni macho yanafika umbali uleule kokote unakogeukia. Kwenye shamba la minazi ukisimama sawa na mstari unaona mpaka mwisho wa shamba. Ukigeuza shingo kidogo unaona mashina tu, moja nyuma ya jingine. Askari aliyelala na bombomu, yaani bunduki ya rashasha, mwisho wa mstari ana uchochoro mzima wa kupiga, na kikosi kinachokatiza mistari kinaonekana, kinapotea, kinaonekana tena. Hali hiyo ilichangia kuvunja vikosi vya Aitken: kampuni zilipoteana, za kulia hazikujua za kushoto zimefika wapi. Ukipanga miti yako ovyo kwa sababu unataka "pori", mchezo huo unaufuta mwenyewe.

Na habari njema ni kwamba shamba linatibu tatizo lako la mikono. Minazi hupandwa kwa nafasi ya mita 8 hadi 9. Askari wa milimita 28 ni kama mtu aliyepunguzwa mara 56, kwa hiyo nafasi hiyo mezani inakuwa sentimita 15 hivi. Ngumi ya mtu mzima inapita hapo bila kugusa shina. Mimi huibana mpaka sentimita 12 ili shamba lijae machoni, na bado mkono unapita. Kitakachofanya mahali paonekane pamefunga ni magugu na vichaka vya chini, ambavyo havimzuii mtu kuchukua askari wake.

Urefu wa meza yako, kwa kipimo hichohicho, ni mita 100 tu. Kwa hiyo ama mnakubaliana kwamba kila askari mmoja ni askari kumi na umbali wa mezani ni wa kukadiria, ama mnachukua kipande kimoja cha mapigano. Ningekuwa ninyi ningechukua ukingo wa mashariki wa mji: mtaro wa reli (njia ya reli iliyochimbwa ardhini) upande mmoja, nyumba chache nyuma yake, na mashamba mbele yake. Mnaishi hukohuko, nendeni mkatembee Ras Kasone hadi relini kwa miguu. Hamtaona mashamba yale, ila mtaona mteremko wa ardhi na mtajua kwa nini mtaro wa reli ulikuwa ngome ya bure.

Sasa kazi. Anza na sakafu, miti itafuata. Nenda kwa fundi samani ukaombe mabaki ya ubao wa MDF wa milimita 3, ukate vipande vya sentimita 36 kwa 24. Wengi watakuambia ukingo wa kipande cha msitu uwe wa kujipindapinda ili ufanane na asili. Kwa vichaka ni sawa, kwa shamba hapana. Shamba liwe na pande zilizonyooka. Kila kipande kinabeba minazi sita, mitatu kwa miwili, kwa nafasi ya sentimita 12, na ule wa pembeni unakaa sentimita 6 kutoka ukingoni. Kwa hesabu hiyo ukiunganisha kipande na kingine mistari inaendelea bila kukatika, na mnaweza kupanga shamba refu leo na mashamba mawili madogo wiki ijayo. Vipande vinane hivi vinachukua karibu theluthi ya meza yenu, na theluthi inatosha. Ukizidisha hapo vichaka na nyumba vitakosa mahali.

Kila kipande kiwe na tabaka mbili za MDF. Ile ya juu unaitoboa matundu ya mviringo mahali pa miti, ya upana uleule wa washa utakazotumia, kisha unaibandika juu ya nyingine. Washa ninazosema ni zile za chuma za duka la vifaa vya ujenzi, zenye upana wa sentimita 4 kwa mnazi na 3 kwa mti wa mpira. Mti unasimama juu ya washa, washa inazama kwenye tundu, na uso wa juu unakuwa sawa. Minazi yako inaanguka kwa sababu kitako chake ni chepesi kuliko kichwa chake. Bandika washa mbili pamoja kwa mnazi mmoja ikibidi. Kwa sababu zimezama hazitaonekana unene. Kikosi kikiingia shambani na mti ukawa kero, unaung'oa na kuuweka pembeni, kikipita unaurudisha. Wako wanaochomeka miti kwenye povu jeupe kwa misumari. Inafanya kazi kwa miezi michache, halafu matundu yanalegea na miti inaanza kuinama upande wa bahari.

Paka rangi pande zote mbili za ubao kabla ya kumwaga gundi ya maji juu yake. MDF ikinywa maji upande mmoja inajikunja, na kipande kilichojikunja kinayumba mezani hata ukiweka washa tano.

Sakafu yenyewe: gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa na maji kidogo, mchanga wa mtoni uliochekechwa, na vumbi la mbao. Mchanga wa baharini ndio uliopo karibu nawe, najua. Ukiutumia, uoshe kwa maji baridi mara kadhaa mpaka uonje maji na usikute chumvi. Chumvi inavuta unyevu, unyevu unaamsha kutu kwenye washa zako, na doa la kutu linapanda juu ya rangi. Kabla gundi haijakauka, pitisha kitana cha meno mapana kufuata mistari ya miti. Matuta hayo madogo yatawaonyesha wachezaji mistari inaelekea wapi hata miti ikiwa imeng'olewa, na tutayahitaji kwenye sheria.

Kwa majani makavu yaliyoanguka hakuna kitu kinachoshinda majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa. Yakaushe juani, kisha yakaange kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo mpaka yawe makavu kabisa. Pwani huku ukiruka hatua hiyo utafuga ukungu. Yamwagie chini ya mpira kwa wingi, chini ya minazi kidogo sana, kwa sababu minazi inaangusha makuti na makumbi, haina majani madogo ya kufunika ardhi.

Tuje kwenye mnazi, maana hapo ndipo watu wengi wanaharibu.

Shina. Chukua waya wa kufungia nondo, ule mweusi unaouzwa kwa kilo. Kata nyuzi tano za sentimita 26, zisokote pamoja kwa koleo. Acha sentimita 3 za chini bila kusokotwa, uzitandaze juu ya washa kama mizizi na kuzibandika kwa gundi ya mirija miwili ya kuchanganya. Acha sentimita moja ya juu wazi pia. Hapo ndipo makuti yatakapochomekwa. Kabla ya chochote paka waya wote rangi ya mafuta au vanishi, kwa sababu waya huo unashika kutu siku ileile unapoguswa na gundi ya maji. Kisha zungushia tepu ya karatasi, ile wanayotumia wapaka rangi, nene zaidi chini kidogo, na juu ya tepu zungusha uzi mwembamba wa katani ukiacha milimita 2 kati ya mzunguko na mzunguko. Hayo ndiyo makovu ya makuti yaliyoanguka. Shina la mnazi halisi lina upana wa sentimita 25 hadi 30, mezani ni milimita 5. Likizidi 7 tayari ni nguzo ya umeme.

Urefu usifuate hesabu. Mnazi wa mita 20 ungekuwa sentimita 36 mezani, na kichwa chake kingekuzuia kuona wenzako ng'ambo ya meza. Sentimita 18 hadi 22 zinatosha, ila usiifanye yote sawa. Kuhusu kupinda: mnazi wa ufukweni unalala, wa shambani umesimama. Ukiupinda, pinda karibu na chini halafu uache unyooke kuelekea juu. Minazi iliyopindwa katikati kama upinde ni ya kwenye fulana za watalii.

Rangi ya shina ni kijivu. Narudia kwa sababu kila mtu anapaka kahawia: toka nje uangalie. Kijivu cha majivu, chenye weupe kidogo upande wa jua, na kahawia inaonekana tu juu kabisa karibu na makuti.

Makuti. Tafuta bahasha za kaki. Fungua bahasha, paka upande mmoja kijani kilichokolea na upande wa pili kijani chenye umanjano, uache ikauke kabisa. Kata vipande vya sentimita 9 kwa 2 na nusu. Katikati ya kila kipande bandika kwa supa gluu uzi mmoja wa shaba uliotolewa ndani ya waya wa umeme wa redio mbovu, ukiacha sentimita 2 zitokeze upande wa shina. Najua mkono utakwenda kwenye chelewa za ufagio kwa sababu ni njukuti zenyewe, lakini chelewa haikubali kupinda, na kuti lisilopinda linafanya mnazi uonekane mwavuli. Kunja kipande juu ya waya kama paa la nyumba, waya ukiwa ndani. Kata umbo: chembamba mwanzoni, kipana kwenye theluthi ya kwanza, kisha kinapungua mpaka ncha. Sasa mkasi wenye makali, na ukate mikato ya kulala kuelekea ncha, milimita 2 kila mmoja, ukisimama milimita moja kabla ya mkunjo. Ukimaliza, usilifungue kuti likawa bapa. Liache nusu wazi, pitisha ukucha wa gumba chini ya majani ili yaning'inie. Kuti la mnazi limekunjika hivyo daima. Likiwa bapa linakuwa unyoya wa kuku.

Mnazi mmoja unahitaji makuti 12. Matatu ya katikati ni mafupi kidogo, yamesimama karibu wima, na yapakwe umanjano zaidi. Matano yanatoka pembeni na kuinama nchani. Matatu yanashuka chini ya mstari wa bega. Moja la mwisho ni kavu, kahawia, limelalia shina. Hilo moja linafanya mnazi uaminike kuliko yale 11 mengine. Chomeka nyaya zake kati ya nyuzi za juu za shina, bana kwa koleo, dondosha gundi. Madafu ni choroko: ukubwa wake unalingana vizuri na nazi iliyopunguzwa mara 56, tena zimeshakuwa za kijani. Bandika sita au saba chini ya makuti, kisha vanishi juu yake, la sivyo wadudu wa nafaka watakula mavuno yako.

Vipande vinne vya minazi ni minazi 24, na minazi 24 ni makuti 288. Mko watano. Pikeni chai, gaweni mikasi.

Mpira ni rahisi zaidi, ila kuna jambo ambalo picha za mitandaoni zitakudanganya. Ukitafuta shamba la mpira utaletewa miti mirefu ya Malaysia yenye mashina yaliyonyooka. Mpira uliolimwa na Wajerumani huku ulikuwa hasa wa aina ya Ceará, ndugu wa muhogo, ule ambao majani yake watu hutwanga kisamvu. Ni mti mfupi, unagawanyika matawi mapema, mara nyingi matatumatatu, na kichwa chake kina uwazi mwingi. Kwa hiyo sokota nyuzi sita za waya mpaka sentimita 5, gawa mara tatu nyuzi mbilimbili, kisha gawa tena, mti wote usizidi sentimita 12. Majani ni vipande vya godoro. Kusanya makapi ya godoro kwa fundi makochi, yasage kwenye blenda pamoja na maji na rangi ya kijani ya maji, kamua, chekecha, anika. Blenda iwe mbovu uliyonunua mnadani. Ya mama isiguswe. Vuta nyuzi za katani zitawanyike kama utando, zibandike kwenye matawi, puliza maji ya gundi kwa chupa ya kupulizia, kama ile ya dawa ya kusafishia vioo, nyunyizia. Unyunyizie kidogo. Ukishika mti juu ya gazeti uone bado unaweza kusoma kichwa cha habari kupitia majani.

Kwenye kipande kimoja weka miti ya mpira tisa, mitatu kwa mitatu. Ulipandwa kwa karibu kuliko minazi, na hapa mkono hautapita vizuri, kwa hiyo washa zitafanya kazi yake. Kati ya mistari acha magugu yatambae. Bei ya mpira iliporomoka 1913 kwa sababu ya mpira wa Asia, na mashamba mengi ya Ceará katika koloni yakaachwa, kwa hiyo mwenzako akikuambia shamba la Mjerumani lazima liwe safi, una jibu.

Mkonge hauna mengi. Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliuleta mwaka 1893, na kufikia vita ulikuwa umeshatawala mashamba ya mkoa wenu. Mche mkubwa unafika kifuani au kichwani mwa mtu, yaani sentimita 3 mezani, majani magumu yaliyonyooka pande zote. Hapa ndipo ile mimea yako ya plastiki inapopata kazi: ile yenye majani ya upanga ikate, uifungashe kwa waya, majani 15 hadi 20 kila mche. Mlingoti wa maua ni chelewa ya sentimita 10 yenye nyuzi za dodoki nchani, miwili tu kwa shamba zima. Mkonge haung'olewi mezani, kwa hiyo acha njia ya sentimita 3 kati ya mistari ili askari wasimame.

Vichaka sasa, na hapa ruhusa ya kujipindapinda unayo. Siku moja pandeni Amani, kwenye misitu ya Usambara Mashariki, msimame barabarani muangalie ukingo wa msitu. Nje ni ukuta: mimea inagombania jua, imefumana na mitambaazi ya porini. Ukipenya hatua chache, chini kunafunguka. Vichaka vya pwani ni vifupi, lakini vina tabia hiyohiyo ya ukuta wa nje. Kwa hiyo usijaze kipande chote. Jenga ukuta wa sentimita 4 hadi 5 kuzunguka ukingo, ukiacha mianya miwili mitatu ya mapito ya mbuzi, na katikati uache nafasi ya askari. Atakayetazama kutoka pembeni ataona pori lililofunga, na mchezaji anayetazama kutoka juu ataona askari wake wote.

Ukuta unatengenezwa kwa dodoki. Lichemshe na rangi ya kutilia vikapu, kijani na kahawia kidogo, likaushe, likate vipande visivyo na umbo, ulichanechane. Juu yake nyunyizia unga wa godoro. Ukipata kilifu, kile kitambaa cha asili kinachofunga kichwa cha mnazi, kivute nyuzi zake zitanuke na ukitandaze juu ya dodoki; hakuna mitambaazi ya dukani inayokifikia. Nyasi ni usumba au katani iliyokatwa sentimita moja, ikasimamishwa kwenye gundi. Novemba ni vuli, kwa hiyo nyasi ziwe mchanganyiko: shina la kahawia la kiangazi, na kijani kibichi kinachoanza chini.

Mbuyu weka mmoja tu, kwa sababu unaziba meza. Gazeti lililolowekwa kwenye gundi juu ya chupa ya maji ya nusu lita linatosha kuwa shina. Mikoko ya ufukweni fanya kama mnahitaji pwani: mti wa waya wa sentimita 8 ambao nyuzi zake za chini zinapinda nje na kuingia kwenye tope.

Sheria za kuona kubalianeni kabla ya kurusha dadu, la sivyo mtagombana. Pendekezo langu: kila kilicho ndani ya mpaka wa kipande kinahesabiwa shamba au kichaka, hata kama mti wenyewe umeng'olewa. Kwenye kichaka askari anaona sentimita 10. Kwenye mpira, 20. Kwenye minazi, 45 akitazama kufuata mistari na 20 akitazama kukatiza. Mistari ni yale matuta ya kitana. Jaribuni mara moja mtaona kila mmoja anaanza kugombania mwisho wa mstari ili aweke bombomu pale.

Ongezeni vitu viwili ambavyo Tanga haikamiliki bila hivyo. Cha kwanza ni moshi. Kampuni nyingi za askari wa Kijerumani zilikuwa bado na bunduki za mwaka 1871 zenye baruti ya moshi. Kikosi kikipiga, kiwekewe kipande cha pamba mbele yake, na adui yeyote anaruhusiwa kukilenga hapo mpaka zamu inayofuata, kichaka au hapana. Cha pili ni nyuki. Mizinga ya magogo ilitundikwa mitini, risasi zikaichokoza, na nyuki hawakuuliza mtu ni wa upande gani: kikosi cha 98 cha India kiliumwa vibaya, na Wajerumani nao waliumwa. Mzinga ni kijiti cha sentimita 2, unene wa milimita 5, kimefungwa kwa uzi kwenye tawi. Tundika minne mezani. Risasi zikipigwa kwenye kipande chenye mzinga na dadu ikatoa 1, kila aliye ndani ya sentimita 15 anakimbia, rafiki na adui.

Mimea ya plastiki iliyobaki usiitupe. Kinachoifanya ifanane na tangi la samaki ni mng'ao wake, na rangi moja kutoka chini hadi ncha. Ioshe kwa sabuni, ikaushe, ipulizie rangi nyeusi isiyong'aa au kijani cheusi, kisha chovya brashi, ifute karibu yote kwenye kitambaa, na upitishe kijani cha kati kwenye ncha za majani tu, halafu tena kijani chenye umanjano kwa wepesi zaidi. Ichanganye na dodoki, isikae peke yake. Na hiyo rangi ya kopo usiipulize karibu na povu jeupe kama umelitumia kwenye nyumba au kingo za mtaro wa reli. Inaliyeyusha mbele ya macho yako.

Kuhifadhi: miti yote itoke kwenye vipande, isimame kwenye boksi ambalo chini yake umebandika sumaku ya spika mbovu au bati lenye matundu ya washa. Vipande vya sakafu vipangwe kwa kusimama kama sahani kwenye kabati. Boksi lisikae sakafuni wala lisiegemee ukuta wa nje, maana ukifungua baada ya masika utakuta mchwa wamekula vumbi la mbao na mende wamekula gundi. Tia mfuko wa chumvi iliyokaangwa kwenye kona ya boksi uvute unyevu, uubadilishe ukianza kulowa. Mfuko uwe umefungwa vizuri, kwa sababu za chumvi na chuma tulizokwisha kuzitaja.

Ukianza kesho, anza na kipande kimoja cha minazi na kimoja cha kichaka, mcheze navyo mara mbili tatu kabla ya kukata vingine. Huenda mkaona sentimita 12 zinawabana kwa sababu vitako vya askari wenu ni vipana. Basi panueni mpaka 15, na kipande kiwe 45 kwa 30. Ila idadi ya vipande mtaipunguza: vitano kwa ukubwa huo vinajaza theluthi ileile.